Mali Ikishauzwa Hairudishwi: Mjadala wa Barazani Kiwalani

Katika duka la Mangi, hapa Kiwalani, nyuma ya nondo za dirisha anapopitishia sukari na unga, imebandikwa karatasi kwa selotepu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Maneno hayo utayakuta kwenye risiti za Kariakoo na kwenye kurasa za wanaouza viatu na madera mtandaoni. Tumeyazoea hata hatuyasomi tena. Mimi niliyasoma upya nilipokuwa nikifuatilia maisha ya Aaron Montgomery Ward, mtu wa Chicago aliyeanza kuuza bidhaa kwa barua mwaka 1872, na mwaka 1875 akawaandikia wateja wake maneno yaliyo kinyume kabisa: usiporidhika, fedha yako inarudi.

Suala hili nimeliona halifai hotuba ya mtu mmoja. Nimelipanga kwa sauti nne ninazozisikia jioni kwenye benchi la Mangi, ndege zikishuka juu ya mabati yetu kwenda Uwanja wa Julius Nyerere. Yupo Mangi mwenyewe. Yupo Dada, anayeuza viatu na madera kwa simu na kuvituma mikoani kwa mabasi. Yupo Mzee, karani mstaafu wa Posta. Na yupo Kijana wa bodaboda, mpeleka mizigo ya wengine. Kazi yangu ni kuuliza, na mwishoni kusema ninaloliamini.

Hoja yenyewe ni hii: Je, Ward alimkomboa mnunuzi wa mbali, au alimbomoa muuza duka wa jirani? Na sisi tunaotumiana mizigo leo tuchukue nini kwake?

MWANDISHI: Shikamoo, Mzee. Tuanze na mtu mwenyewe. Ward ni nani?

MZEE: Marahaba, mwanangu. Alizaliwa Chatham, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1840, na akiwa mdogo wazazi wake wakahamia Niles, Michigan. Nyumbani hapakuwa na kitu. Alipofika miaka 14 akaanza kujitafutia: kwanza kiwanda cha mapipa, senti 25 kwa siku, kisha tanuri la matofali, senti 30 kwa siku. Baada ya hapo, na hapa Mangi unisikilize vizuri, akaingia dukani katika mji mdogo wa St. Joseph. Duka lile la kijijini lenye kila kitu, kuanzia misumari mpaka vitambaa. Alianza kwa dola 6 kwa mwezi na chakula juu. Alipoondoka alikuwa analipwa dola 100 kwa mwezi.

MANGI: Kumbe alikuwa kijana wa duka?

MZEE: Kijana wa duka kama hawa unaowaleta kutoka Rombo.

MWANDISHI: Alitokaje nyuma ya kaunta akafika kwenye barua?

MZEE: Alikwenda Chicago mwaka 1865. Akauza taa, akafanya kazi katika duka kubwa la Field, Palmer & Leiter, halafu akawa mchuuzi wa kusafiri. Unapanda treni, unashuka kwenye vimji vya mashambani, unawauzia wenye maduka kwa niaba ya kampuni ya jumla. Huko ndiko alikowasikia wakulima wakilia. Mazao yao yananunuliwa kwa bei ya kutupa, na bidhaa za dukani wanauziwa ghali, kwa sababu kutoka kiwandani mpaka kwao pana mikono mingi na kila mkono unakata chake. Ward akapiga hesabu: nikinunua kiwandani kwa taslimu, nikamwandikia mkulima moja kwa moja, akaniletea fedha, nikampakilia mzigo kwenye reli, mikono yote ya katikati inatoka.

MANGI: Mkono wa katikati ni huu wangu, Mzee, kwa hiyo nipeni nafasi niutetee. Naamka saa kumi na moja alfajiri ili mtoto wa shule apate mkate. Nalipa kodi ya fremu, umeme wa friji, leseni, mlinzi. Sukari nafungua mfuko wa kilo 50, nauza robo, nauza hata ya mia tano. Kiwanda hakiwezi kukuuzia ya mia tano. Na kuna hili daftari. Humu mna majina ya nusu ya mtaa. Mume amesafiri, mshahara umechelewa, mtoto ana homa usiku: wote wanakuja kwa Mangi. Sasa niambie, huyo Ward alikopesha?

MZEE: Hapana. Aliuza taslimu tu. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya bei zake kuwa chini.

MANGI: Basi liandikwe hilo.

MWANDISHI: Limeandikwa, Mangi.

DADA: Mimi jina langu limo humo daftarini, kwa hiyo siwezi kumdharau Mangi. Lakini na mimi nisikilizwe. Nilikuwa na fremu. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Nilipomaliza kulipa, mtaji wa kununulia viatu ukawa umekwisha. Nikaifunga, nikabaki na simu. Leo mteja wangu yuko Kasulu, yuko Tunduru, yuko Sumbawanga. Ukiwa mji mdogo, duka la viatu vya harusi ni moja, saizi ziko mbili, na bei anapanga mwenye duka kwa kuwa anajua huna pengine pa kwenda. Mimi nampigia picha, anachagua, anatuma fedha kwa simu, jioni mzigo uko stendi ya Magufuli. Nikimsikiliza Mzee naona Ward ni mwenzangu. Aliwapa watu wa mbali uwezo wa kuchagua.

MWANDISHI: Mwanzo wake ulikuwaje, Mzee? Maana mtaji nao ni hadithi.

MZEE: Ulianza kwa moto. Oktoba 1871 Chicago iliungua, na shehena ya kwanza aliyokuwa ameikusanya ikateketea.

DADA: Hilo halihitaji kufafanuliwa Kariakoo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu lilipowaka, wapo walioondoka jioni ni wafanyabiashara wakaamka ni wadaiwa.

MZEE: Ndivyo. Ward akarudi kuajiriwa, akadunduliza tena. Agosti 1872, yeye na wenzake wawili wa kazini, wakiwa na dola 1,600 kwa jumla, wakakodi chumba kidogo. Bidhaa zao zilikuwa 163. Katalogi yao ya kwanza haikuwa kitabu; ilikuwa karatasi moja, orodha ya vitu na bei. Mwaka haukwisha vizuri wale wawili wakajitoa. Aliyekuja kumshika mkono ni mwanyumba wake, George Thorne. Walikuwa wameoa dada wawili.

KIJANA: Karatasi moja tu, watu wakatuma fedha? Mzee, shikamoo, sikukuamkia. Mimi nikimwambia mtu wa Mbagala atume nauli ya mzigo kabla sijafika, ananiuliza kama namfahamu mama yake.

MZEE: Marahaba. Umeuliza jambo kubwa. Watu hawakumwamini Ward. Waliamini chama chao. Wakulima wa Marekani walikuwa na umoja wao ulioanzishwa mwaka 1867, ukiitwa Grange. Ward alikwenda kwenye umoja huo akawa muuzaji wao rasmi, akawapa wanachama masharti nafuu. Mkulima aliyekuwa hamjui Ward alimjua katibu wa chama chake, na katibu alisema mtu huyu tumemkagua. Mangi, kwenu si mnalo jambo hili?

MANGI: KNCU, ushirika wetu wa kahawa Kilimanjaro. Tangu mwaka 1933. Babu yangu hakujua kahawa yake inakwenda kunywewa nchi gani, wala hakuwahi kumwona mnunuzi. Aliijua KNCU, ikatosha. Kwa hiyo Ward alipanda mgongoni mwa ushirika?

MZEE: Alipanda, na hakuficha. Katika karatasi zake alijitangaza kuwa ni nyumba ya bidhaa ya Grange.

DADA: Hapo pananigusa. Mimi sina chama cha kunidhamini. Nina picha na nambari ya simu, na nambari ya simu hata tapeli anayo. Kila Mtanzania amewahi kupokea ule ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii. Mteja mpya akinipigia, kabla hajauliza bei ya kiatu ananiuliza kama mimi ni mtu kweli.

MZEE: Ward aliulizwa hivyohivyo, tena na gazeti kubwa. Mwaka 1873 Chicago Tribune liliwaonya wakulima wajihadhari na kampuni hiyo. Hoja yao ilikuwa hii: bei ni ndogo mno, duka lenyewe halionekani, mambo yao yote ni kwa barua, basi hawa ni matapeli. Kwa mtu mwenye biashara ya mwaka mmoja hilo lingekuwa kaburi. Gazeti lilipochunguza likakiri limekosea.

MWANDISHI: Bei ndogo na duka lisiloonekana. Dada, ni wewe hasa huyo.

DADA: Ni mimi. Na sina gazeti litakalonisafisha.

KIJANA: Ngojeni niseme ninayoyaona, kwa sababu hapa wote mnazungumza kuhusu kutuma, na mimi ndiye ninayefika. Namba za nyumba tumewekewa mwaka 2022 wakati wa anwani za makazi, ila bado naelekezwa kwa mwembe na kwa kibanda cha chipsi. Sawa, nafika. Mteja anatoka, anaushika mzigo, anaupimapima mkononi, ananitazama usoni. Anasema nifungue nione kwanza. Nampigia muuzaji, muuzaji anasema asifungue mpaka alipe. Mteja anasema silipi mpaka nifungue. Mimi niko katikati, jua la saa nane, mafuta yanaungua. Nimewahi kukaa nusu saa kwenye mlango wa mtu kwa ajili ya mkoba wa elfu kumi na tano. Yule mama hakuwa mkorofi. Aliogopa. Mara ya mwisho aliagiza sufuria za chuma, akaletewa za bati jepesi.

MWANDISHI: Ward alilitatuaje?

MZEE: Kwa kumruhusu afungue. Katika matangazo yake ya mwanzo mzigo uliweza kwenda mpaka ofisi ya wasafirishaji kwenye mji wa mteja, mteja akaukagua palepale, akiridhika alipe, asiporidhika asilipe. Na mjue mizigo ile haikufika mlangoni. Posta ya Marekani haikupokea kifurushi kinachozidi pauni 4, yaani karibu kilo 2. Barua kupelekwa mpaka mashambani kulianza mwaka 1896, na huduma ya vifurushi vikubwa ikaanza tarehe 1 Januari 1913. Kwa miaka 40 mkulima alitandika farasi akaenda stesheni kuchukua mzigo wake, kama mteja wa Dada anavyokwenda stendi ya Kasulu kuulizia basi limeingia saa ngapi.

MWANDISHI: Na sisi, Mzee, kwa nini katalogi haikuota mizizi wakati Posta ilikuwepo?

MZEE: Posta yetu iliishia kwenye sanduku. Mtu alikuwa na S.L.P. mjini, tena mara nyingi sanduku la shule, la misheni au la ajira, na kijiji kizima kinalitegemea hilo moja. Nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta nikiona barua zinazomgoja mtu aliyeko kilomita 40. Mzigo ungemgoja vilevile. Kilichobadilisha mambo hapa ni mabasi kwa upande mmoja, na fedha za simu kwa upande mwingine, tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008. Basi likawa reli yetu, simu ikawa hawala yetu. Kilichobaki bila kujengwa ni kile cha tatu, dhamana kwa mteja.

Hapo mazungumzo yalikatizwa na mtoto wa miaka kama minane, aliyekuja na balbu mkononi. "Mangi, mama anasema haiwaki." Mangi aliichukua, akaifunga kwenye soketi yake ya majaribio iliyoko juu ya friji, akabonyeza, giza. Akatoa nyingine kwenye boksi, akaijaribu, ikawaka, akampa mtoto. Shughuli nzima haikufika dakika moja, na ilifanyika chini kabisa ya ile karatasi.

MWANDISHI: Mangi, karatasi yako inasemaje?

MANGI: Karatasi ni ya wageni. Mtoto huyu namjua. Nikimrudishia mama yake balbu mbovu, kesho atanunua wapi? Atavuka barabara.

DADA: Kwa hiyo unarudisha?

MANGI: Kwa mtu wa mtaani, kila siku.

MWANDISHI: Naomba tusilipite jambo hili haraka. Mangi hurudisha kwa sababu anamwona mteja na mteja anamwona. Macho ndiyo dhamana. Swali la Ward lilikuwa: mteja nisiyemwona, ambaye hataweza kuvuka barabara kunihama wala kuja kunigombeza, nimpe dhamana gani? Jibu lake la mwaka 1875 lilikuwa kuiandika. Akachukua desturi ambayo muuza duka mwema anaitenda kwa anaowajua, akaifanya ahadi ya maandishi kwa asiowajua.

DADA: Ni maneno mazuri, lakini nani atalipa nauli? Mteja wa Kasulu aliniandikia juzi, kiatu nilichomtumia ni 37 na yeye huvaa 39. Kukileta Dar ni nauli, kumpelekea kingine ni nauli, na faida yangu kwenye kiatu chote haifiki nauli mbili. Na wapo wateja wabaya, msiwasahau. Mtu ananunua dera Ijumaa, analivaa kwenye sherehe Jumamosi, Jumatatu anasema halikunikaa. Nikikubali kurudishiwa kila kitu, mwezi wa pili nimefunga. Mangi harudishi dera lililonukia pilau.

KIJANA: Hapo kweli tupu.

MZEE: Ni hoja nzito, Dada, na usiiache. Lakini nikuulize: hiyo 37 ilikwendaje?

DADA: Aliniambia mguu wa kawaida. Nikakisia.

MZEE: Ward hakuweza kukisia, maana kila kosa lililipiwa na mfuko wake mwenyewe. Kwa hiyo aliandika. Ile karatasi moja ya mwaka 1872 ilipofika mwaka 1883 ilikuwa kitabu cha kurasa 240 chenye bidhaa zipatazo 10,000, kila bidhaa na maelezo yake. Anayejua kwamba bidhaa isiyofanana na maelezo itarudi kwa gharama yake, hujifunza kueleza kwa usahihi. Ahadi ya kurudisha humfaidi mteja mara moja, na humfundisha muuzaji kila siku.

DADA: Kwa hiyo nimwambie mteja aweke mguu kwenye karatasi, auchore, anipigie picha na rula pembeni.

MZEE: Karani wa Posta angekuajiri.

MANGI: Mnamsifu sana, lakini mwisho wa wenye maduka wa kule hamjausema. Walipigwa chini, si ndiyo?

MZEE: Walipigana, na wengine walishindwa. Kuna miji ambako wenye maduka waliwachochea watu walete katalogi zao zikachomwe moto hadharani. Walikuwa na hoja kama yako: fedha ya hapa ikienda Chicago, nani atachangia shule ya hapa, nani atakopesha wakati wa njaa? Na Ward akapata mshindani mkali kuliko wao, Richard Sears. Huyu alikuwa wakala wa stesheni ya reli Minnesota. Mwaka 1886 shehena ya saa ilikataliwa na sonara aliyetumiwa. Sears akaichukua, akawauzia mawakala wenzake wa stesheni. Mzigo uliokosa mwenyewe ukamfanya tajiri.

KIJANA: Mzigo uliokataliwa stendi! Ile ndiyo kazi ya makonda wetu.

MANGI: Mimi ninasimama palepale. Duka ukilifunga, pengo lake halizibiki kirahisi. Nchi hii ilishajaribu. Mzee wangu alinisimulia Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Watu wakatafuta sabuni na chumvi. Haukupita muda maduka yakarudishwa.

MZEE: Nilikuwepo. Anasema kweli.

MANGI: Basi Dada auze viatu mikoani, Mungu ambariki. Lakini asije mtu akasema duka la mtaa limepitwa na wakati. Chumvi ya usiku haisubiri basi.

MWANDISHI: Naona hapo Mangi ameshinda, na sitajaribu kumpindua. Ward hakuwahi kuwa jirani wa mtu. Lakini Mzee, nilikusikia siku moja ukimtaja Sewa Haji pamoja na Ward. Kwa nini?

MZEE: Kwa sababu sisi nasi tulikuwa na watu wa mzigo wa mbali, tena kabla ya reli. Sewa Haji Paroo alizaliwa Unguja mwaka 1851, akafanya biashara Bagamoyo. Alikuwa mkandarasi wa misafara: ukitaka kwenda bara, yeye ndiye wa kukutafutia wapagazi na shehena ya nguo, shanga na waya. Stanley, yule mvumbuzi wa Kizungu, alikuwa miongoni mwa wateja wake. Mzigo unaondoka Bagamoyo juu ya vichwa vya watu, miezi inapita, na aliyeulipia hana pa kuuona. Chini yake alikulia kijana kutoka Kutch, India, Allidina Visram, ambaye baadaye alisambaza maduka mpaka Uganda. Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Leo mgonjwa wa Kiwalani akipelekwa Muhimbili akalazwa wodi ya Sewahaji, analala chini ya jina la mtu huyo, kwa sababu fedha zake ndizo zilizoanzisha hospitali iliyokuja kuwa Muhimbili.

KIJANA: Nimewahi kupeleka chakula wodi hiyo. Sikujua ni jina la mfanyabiashara.

MZEE: Wengi hawajui. Na Ward naye alipofariki, mjane wake alitoa mamilioni ya dola kwa Northwestern University kwa ajili ya masomo ya udaktari. Mmoja alitumia vichwa vya wapagazi, na tusisahau jasho lao; mwingine alitumia reli. Wote waliishi kwa kutumainiwa na watu waliokuwa mbali nao.

MWANDISHI: Limebaki jambo moja katika maisha ya Ward ambalo kwa macho ya kwanza halihusiani na biashara, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mbele ya ofisi zake palikuwa na ardhi wazi kandokando ya Ziwa Michigan, ambayo leo inaitwa Grant Park. Wakubwa wa jiji walitaka kuijaza majengo. Ward alikumbuka kwamba ramani ya zamani, ya mwaka 1836, ilikuwa na maneno yaliyoandikwa juu ya ardhi ile: ni ya umma, isijengwe kamwe. Kuanzia mwaka 1890 alikwenda mahakamani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kesi zilimalizika mwaka 1911, naye ameshinda. Matajiri wenzake walimwona mkaidi anayezuia maendeleo ya mji. Yeye alishikilia kwamba watu waliahidiwa kwa maandishi.

KIJANA: Miaka 21 kwa ajili ya uwanja? Hapa kwetu tukiuliza uwanja wa mpira umekwenda wapi tunaonyeshwa ukuta.

MZEE: Na wangapi kati yetu walikwenda kuitafuta ramani?

Swali hilo halikujibiwa. Ndege nyingine ilipita, taa zake zikimulika paa, na sote tukanyamaza mpaka mngurumo ulipokwisha, kama ilivyo desturi ya kuzungumza Kiwalani.

Sasa niseme langu.

Katika kesi za ardhi ile na katika ahadi ya mwaka 1875 ninamwona mtu mmoja mwenye tabia moja. Ward aliishi kwa maandishi. Mteja wa Nebraska hakuwahi kumwona uso wala kusikia sauti yake. Alichokuwa nacho ni wino. Kama wino ule ungeweza kukanwa, biashara nzima ingekuwa udanganyifu uliofungwa kwa kamba. Kwa hiyo alijifunza kuheshimu neno lililoandikwa, la kwake na hata la watu waliokufa zamani walioandika juu ya ramani. Mwaka 1904 kampuni yake ilituma katalogi milioni 3, kila moja ikiwa na uzito wa karibu kilo 2. Alifariki Desemba 1913, mwaka uleule Posta ya Marekani ilipoanza kubeba vifurushi vikubwa mpaka mashambani. Katalogi ilikoma mwaka 1985 na maduka ya kampuni yakafungwa mwaka 2001. Lakini ile ahadi imewazika wote walioicheka, na leo inadaiwa na wanunuzi dunia nzima kama haki.

Sisi tumejenga mambo mawili kati ya matatu. Tuna basi na tuna simu. La tatu, ahadi ya maandishi inayombana aliyeiandika, hatujalijenga. Tumeandika kinyume chake na kukibandika ukutani. Ajabu ni kwamba matendo yetu ni mema kuliko karatasi zetu: Mangi anarudisha balbu chini ya tangazo linalokataa kurudisha. Na huko mtandaoni ni kinyume: ukurasa unasema uaminifu ndiyo nguzo yetu, lakini mzigo ukishatoka simu haipokelewi. Ninachokiomba ni kwamba mkono na karatasi viseme neno moja.

Ahadi hiyo si lazima iwe kubwa kama ya Ward. Dada hana mtaji wa kurudishiwa kila dera, na hoja yake ya nauli ni ya haki. Basi aahidi kile anachoweza kukibeba: nikikosea mimi saizi au rangi, nauli ni yangu, ukikosea wewe, nauli ni yako, dera lililovaliwa halirudi. Mistari mitatu inatosha, mradi iheshimiwe hata siku inapouma. Na mzigo wa hapa Dar ufunguliwe mbele ya Kijana kabla ya kulipwa. Anayekataa mteja asione anachokinunua amemtwisha mteja hofu yote ya biashara, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wema walale na kiu ya kuuza huku matapeli wakivuna.

Tulipoinuka, Mangi alikuwa anafunga nusu ya mlango. Dada alimwomba karatasi kwenye daftari, akaandika ile mistari mitatu, akaipiga picha na kuiweka kwenye ukurasa wake palepale benchini. Kisha akampigia mteja wa Kasulu. Nilimsikia akisema, "Dada yangu, kosa ni langu, lipe basi kiatu kirudi, nauli nitakutumia mimi." Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, halafu sauti ikauliza kama bado ana yale madera ya kijani.

Karatasi ya Mangi ingali ukutani. Ameniambia atafikiria.